Barua ya wazi: Wazee wetu wanapona sepsisi, miguu yao inabaki wodini

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Kwa waganga wafawidhi wa hospitali zote za mkoa,
Kwa Wizara ya Afya, Dodoma.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mtoto wa mgonjwa, na pia mwalimu wa Biolojia wa sekondari hapa Ilemela. Mambo haya mawili hayakuwahi kukutana maishani mwangu mpaka mwaka jana, mama yangu alipolazwa.

Mama ana miaka 71. Kwa zaidi ya miaka 30 alichuuza dagaa pale mwaloni Kirumba. Alianika, akachambua, akafunga magunia, na jioni akapanda mlima wa Igogo na ndoo kichwani hadi kwake, kwenye nyumba iliyokalia mawe kama zilivyo nyumba nyingi za milima ya jiji letu. Hakuwahi kushika fimbo. Alilazwa siku 16 katika hospitali moja hapa Mwanza, na madaktari na wauguzi wake wakamwokoa. Nalisema hili mapema kwa sababu ni kweli, na sitaki yanayofuata yasomwe kama ya mtu asiye na shukrani. Siku ya kuruhusiwa, karatasi yake iliandikwa kwamba hali ni nzuri. Bajaji ikatufikisha chini ya mlima. Mama akashika ukuta, akainua mguu wa kulia akanyage jiwe la kwanza la ngazi. Mguu ukapanda kidogo, ukarudi chini. Akajaribu wa kushoto. Kisha akaniangalia kama mtu aliyepotea njia ya kwake. Vijana wanne wa mtaani walimpandisha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Nilidhani ni uchovu wa safari. Daktari mmoja niliyemuuliza baadaye alinijibu kwa upole kwamba ni umri. Tangu wakati huo nimesoma kila nilichoweza kukipata na kukielewa, na sasa naamini majibu yote mawili hayatoshi. Kilichompata mama kina jina, kina njia zake mwilini, na baadhi yake kingeweza kupunguzwa kwa vitu ambavyo Mwanza tunavyo tayari.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa sepsisi. Mitaani tunasema "wadudu wameingia kwenye damu" au "sumu ya damu", na maneno hayo yanatupotosha, kwa sababu yanatufanya tuamini kwamba wadudu wakifa shida imekwisha. Tangu 2016 wataalamu wanaieleza sepsisi kuwa hali ya hatari ambapo viungo vinashindwa kazi kwa sababu mwili umejibu maambukizi bila mpangilio, hadi unajidhuru wenyewe. Maambukizi yanaweza kuanzia popote: nimonia, njia ya mkojo, kidonda cha mguu cha mwenye kisukari, kidonda cha kulalia. Kwa mama ilikuwa mkojo. Hakuwa na homa, na kwa wazee jambo hilo si la ajabu. Alianza kukataa chakula, akawa anapumua harakaharaka, akamwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Sisi tukasema uzee. Tulichelewa siku mbili, na siku hizo mbili nazibeba mimi.

Makadirio ya mwaka 2017 yanasema watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi na milioni 11 kati yao walikufa, wengi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziboreshe kinga, utambuzi na matibabu ya ugonjwa huu. Hesabu za namna hiyo huwagawa watu makundi mawili, waliokufa na waliopona. Mama yumo kwa waliopona, na kundi hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua mnayafahamu yafuatayo kuliko mimi. Nayaeleza kwa ajili ya ndugu wa wagonjwa watakaoisoma barua hii, kwa lugha ninayoitumia darasani.

Mtu mwenye afya akikaa na njaa, mwili wake una busara. Baada ya siku chache hugeukia mafuta. Ini hutengeneza ketoni, yaani nishati itokanayo na mafuta hayo, ubongo hujifunza kuzitumia, na misuli huhifadhiwa kadiri inavyowezekana. Ndivyo mababu zetu Usukumani walivyovuka miaka ya njaa. Sepsisi inaivunja busara hiyo. Chembe za kinga zinamwaga saitokini, kemikali zao za kupeana taarifa, tezi zinamwaga homoni za kotisoli na adrenalini, na amri inayofika kwenye misuli ni moja: toa. Ndani ya chembe za misuli kuna mitambo ya kubomoa protini zilizochakaa, ambayo siku za kawaida hufanya kazi polepole, sambamba na ujenzi wa protini mpya. Kwenye sepsisi ubomoaji unakwenda mbio na ujenzi unasinzia. Asidi amino zinazotoka, yaani matofali yanayojenga protini, zinagawanywa: alanini inakwenda kwenye ini ikageuzwe glukosi, glutamini inakwenda kulisha chembe za kinga na utumbo, nyingine zinatumika kutengeneza protini za dharura ambazo ini huzihitaji wakati wa maambukizi. Ni nyumba inayong'oa mabati ya paa lake ikayauze ili inunue dawa.

Wakati huohuo insulini, homoni inayoziamuru chembe zipokee sukari, inaita na haisikilizwi. Sukari ya mama ilipanda ilhali hajawahi kuwa na kisukari, tukaogopa mno. Ilikuwa hali hii: ini linazalisha glukosi bila kukoma, misuli inakataa kuipokea. Na kwa kuwa insulini pia huzuia misuli isibomolewe, isiposikilizwa misuli imepoteza mlinzi wake. Juu ya hayo mitokondria, zile tanuri ndogo za nishati ndani ya chembe, zinaharibika. Ndiyo maana hata msuli uliobaki hauna nguvu inayolingana na ukubwa wake. Tusisahau pia kwamba kiwambo kinachovuta pumzi ni msuli, na koo linalomeza linaendeshwa na misuli. Mzee anayepaliwa na uji wiki moja baada ya kutoka hospitali yumo ndani ya hadithi hii, na pumu au "kifua cha uzee" vinasingiziwa.

Wala si elimu ya juzi. Kuanzia miaka ya 1930, David Cuthbertson wa Glasgow, Uskoti, alipima mikojo ya watu waliovunjika miguu akakuta wanapoteza naitrojeni, ambayo hutoka kwenye protini iliyobomolewa, nyingi kuliko ile ambayo jeraha lenyewe lingeweza kuitoa. Nyama ya mwili mzima ilikuwa inayeyuka. Karibu karne nzima imepita tangu hapo.

Sasa mpeni mzee mzigo huo. Baada ya kuvuka ujana misuli hupungua taratibu hata kwa mtu anayefanya kazi, hali ambayo Mmarekani Irwin Rosenberg aliipa jina la sakopenia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mzee anaingia wodini akiwa na akiba ndogo. Misuli yake pia ni mizito kuamka: kiasi kilekile cha protini kinachochochea ujenzi kwa kijana, kwake huchochea kidogo tu. Kijana wa miaka 25 na mama yangu wanaweza kupoteza kilo zilezile. Kijana atabaki na za kupandia ngazi.

Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha vipimo vya altrasaundi vya mapaja ya wagonjwa mahututi. Kwa siku 10 msuli wa mbele wa paja ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18, na wale ambao viungo vyao vingi vilikuwa vimeshindwa kazi walipoteza zaidi kuliko wenye kiungo kimoja. Miaka michache kabla yao, Wamarekani waliwaomba wazee wenye afya njema walale kitandani siku 10 tu. Miguu yao ilipoteza karibu kilo nzima ya nyama. Hao hawakuwa na bakteria, hawakuwa na homa, na chakula walipewa. Walilala tu. Na utafiti wa mwaka 2010 uliowafuatilia wazee wa Marekani waliopona sepsisi kali ulionyesha kwamba wengi walirudi nyumbani wakiwa wamepoteza uwezo wa kufanya jambo moja au mawili ya kila siku ambayo zamani waliyafanya wenyewe, kama kuoga au kwenda chooni, na hali hiyo iliendelea kwa miaka.

Kwa nini hatuioni hasara hii inapotokea mbele ya macho yetu? Maji yanaificha. Mama aliingia na kilo 54. Siku ya nane alikuwa na 57, na mmoja wetu akamshukuru Mungu kwamba bibi anarudi mwili. Kumbe sepsisi hufanya mishipa midogo ivuje, na maji ya dripu yanatuama chini ya ngozi. Ukibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki. Maji yalipoanza kutoka wiki ya pili ndipo niliponawa uso mara mbili nikidhani macho yananidanganya: goti lake lilikuwa pana kuliko paja. Hata kipimo cha figo kinaweza kutudanganya, maana kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayopimwa, inatoka kwenye misuli. Mtu aliyebaki na misuli kidogo anaweza kuonyesha namba nzuri ilhali figo zake zinasumbuka.

Nije kwenye chakula, maana hapo nina hesabu.

Wataalamu wa lishe wanapendekeza mzee mgonjwa apate protini kati ya gramu 1.2 na 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 54 za mama, hiyo ni gramu 65 na kuendelea. Sasa niorodheshe tulichompelekea, kwa sababu wodini kwetu chakula ni cha ndugu: asubuhi chai ya rangi na mkate, saa nne uji mweupe wa mahindi, mchana wali laini na mchuzi, jioni uji tena, kwa kuwa kila mtu alituambia mgonjwa anywe uji. Kikombe cha uji mweupe kina kama gramu mbili za protini. Nimejumlisha kila kitu kwa ukarimu wote na sikuvuka gramu 20 kwa siku. Mwanamke aliyeuza dagaa miaka 30 alilala siku 16 bila kuonja hata kijiko cha dagaa, na mimi, mwanawe, mwalimu wa Biolojia, ndiye niliyeshika chupa ya uji.

Dagaa aliyekauka vizuri ana protini karibu nusu ya uzito wake, wakati mwingine zaidi. Akisagwa na kupepetwa, vijiko viwili vikubwa vya unga wake ndani ya uji vinaongeza gramu saba hivi. Yai moja ni gramu sita. Kikombe cha maziwa ni nane, na mgando wa kule Magu au Misungwi una kiasi hichohicho. Karanga zilizosagwa, vijiko viwili, ni saba. Gramu 65 zinapatikana soko la Kirumba bila kununua kopo lolote la kutoka nje. Nasema hivi kwa sababu kila nilipouliza lishe ya mgonjwa nilielekezwa kwenye makopo ya duka la dawa ambayo bei yake kwa siku tatu ingemaliza mtaji wa mama.

Sisemi mgonjwa ashindiliwe. Utafiti wa nchi nyingi uliochapishwa 2023 uliwapa wagonjwa mahututi wenye mashine za kupumulia protini nyingi sana, na haukuonyesha faida. Wale ambao figo zao zilikuwa zimeumia walionekana kufanya vibaya zaidi. Siku za mwanzo, wakati moto bado unawaka, mwili haujengi hata ukilishwa vipi, na aliyekaa na njaa muda mrefu akirudishiwa chakula kwa pupa anaweza kudhurika. Kwa hiyo anayeamua lini na kiasi gani lazima awe daktari pamoja na afisa lishe. Ombi langu ni kwamba waamue, na uamuzi wao uandikwe kwenye faili kama inavyoandikwa antibayotiki: nini, kiasi gani, mara ngapi. Kwa mama, dawa ilipimwa kwa miligramu. Chakula kiliachwa kwa busara ya shangazi.

Jambo la pili ni gumu kulisema kwa sababu linagusa adabu yetu. Kwetu mzee akiugua, heshima ni kumpumzisha. "Lala mama." "Usijisumbue bibi, tutakuletea." Tulimnywesha maji kwa kijiko mtu aliyekuwa na uwezo wa kushika kikombe. Siku ya sita alitaka kuketi. Mama mdogo akamrudisha kwenye mto kwa upendo kabisa, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akatusifu kwamba huyu bibi ana watoto. Mpira wa mkojo ulimfunga kitandani siku kadhaa zaidi ya alizouhitaji, na mpira wenyewe, mnajua, ni mlango wa maambukizi mapya. Hakuna aliyetuambia kwamba kila siku ya kulala inakula paja. Mtaalamu wa mazoezi tiba nilimwona akipita, lakini alikwenda kwa waliovunjika mifupa na waliopooza. Wodi ya magonjwa ya ndani haikuwa kwenye ratiba yake, na simlaumu, alikuwa mmoja.

Kumwamsha mgonjwa mapema kuna ushahidi, na kuna mipaka. Mwaka 2009 watafiti wa Chicago na Iowa walichapisha matokeo ya kuwaamsha na kuwafanyisha mazoezi wagonjwa wa mashine za kupumulia tangu siku za mwanzo: asilimia 59 walitoka hospitali wakijitegemea, ikilinganishwa na asilimia 35 ya waliohudumiwa kwa kawaida. Utafiti mwingine wa 2022 uliozidisha makali ya mazoezi haukupata faida ya ziada, na matukio ya hatari yaliongezeka. Ninavyoelewa mimi, hakuna anayewataka wazee wetu wakimbizwe. Presha ikishatulia, mgonjwa akae ukingoni mwa kitanda, miguu iguse sakafu. Kesho akae kwenye kiti wakati wa kula. Keshokutwa asimame akishikilia. Kazi hiyo ndugu anaweza kuifanya akifundishwa dakika kumi, na ndugu tupo. Saa ya kuona wagonjwa tunajaa mpaka mlangoni, tumekaa kwenye ukingo wa kitanda bila kazi, tunamtazama mgonjwa akilala.

Nyumbani nako, hebu fikirini choo. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Kuchuchumaa na kuinuka ni kazi ya msuli uleule wa mbele wa paja ambao watafiti wa London waliuona ukiyeyuka. Mzee asiye na msuli huo ana mambo mawili ya kuchagua: kushikwa na mtoto wake akiwa katika haja, au kujizuia. Mama alichagua kujizuia. Aliacha kunywa maji mchana ili asiende. Mtu aliyetoka kuugua maambukizi ya mkojo ameacha kunywa maji kwa kukimbia aibu ya choo. Mwisho wa njia hiyo mnaujua. Alirudi kulazwa baada ya wiki tano. Mara hii tulimuwahi.

Waheshimiwa, tuna utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Kila kliniki ya watoto kuanzia Ukerewe hadi Kwimba ina utepe huo wa rangi, na kila mama anajua maana ya nyekundu. Taifa liliamua kwamba mtoto aliyepungua nyama aonekane, na akaonekana. Kwa mzee hakuna kinachopimwa. Naomba mzee wa miaka 60 na kuendelea anayelazwa kwa sepsisi apimwe mzingo wa mkono na wa shavu la mguu siku ya kuingia, na tena maji yakishapungua, kwa kuwa mguu uliovimba hupotosha utepe. Dodoso moja la lishe ya wazee linalotumika nchi nyingi huchukulia shavu la mguu lisilofika sentimita 31 kuwa dalili ya hatari. Wataalamu wetu waone kama namba hiyo inatufaa sisi. Siku ya kuruhusiwa, kabla karatasi haijasainiwa, aombwe ainuke kwenye kiti bila kushika kitu, na matokeo yaandikwe: ameweza au hakuweza. Asipoweza, neno "hali nzuri" lisisimame peke yake.

Mwaka 2016 Marekani iliipa sakopenia namba yake katika orodha inayotumika kuandika magonjwa hospitalini. Namba ni kitu kidogo, lakini ndicho kinachofanya mhasibu aulize, bima ilipe, mtafiti ahesabu. Kwetu tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, tunalo dirisha la wazee hospitalini, na tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Naiomba Wizara, inapopanga vitita vya bima hiyo, iweke huduma za utengemao kwa mzee aliyetoka kwenye sepsisi: mazoezi tiba wodini, na angalau ziara chache baada ya kurudi nyumbani. Dirisha linamsaidia mzee kuingia haraka. Namtaka pia mtu wa kumwangalia anapotoka.

Huyo anaweza kuwa mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Wanapanda milima yetu tayari kwa ajili ya wajawazito na watoto. Waongezewe orodha ya wazee waliotoka kulazwa, wapite ndani ya wiki ya kwanza, wamuulize mzee maswali yasiyohitaji mashine: unainuka mwenyewe? unakula nini chenye nyama, samaki au maharage? unapaliwa? umeacha kunywa maji? Jirani yetu mmoja, fundi seremala, alikata ubao na kututengenezea kiti cha choo chenye tundu kwa shilingi elfu kumi na tano. Laiti mtu mmoja angetuambia wazo hilo siku ya kuruhusiwa, mama angekunywa maji yake.

Kuna jambo la waganga na watafiti pekee, nalo nalisema kwa unyenyekevu. Namba zote nilizozitaja za misuli zimetoka London na Marekani. Wazee wao wanaingia hospitali na miili tofauti, vyakula tofauti, magonjwa tofauti. Tumekwisha kuona hatari ya kuazima bila kupima: utafiti uliofanyika Zambia na kuchapishwa 2017 uliwapa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini maji mengi ya haraka kwa utaratibu uliotokana na ule wa nchi tajiri, na waliokufa hospitalini walikuwa asilimia 48, dhidi ya 33 ya waliohudumiwa kwa kawaida. Wagonjwa wale wengi walikuwa na VVU, na hospitali haikuwa na mashine za kutosha. Mwanza tuna Bugando na chuo kikuu chake cha tiba, tuna Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na jiji letu pamoja na Lusaka lilishiriki utafiti wa NUSTART uliofuatilia lishe ya watu wazima waliodhoofu kwa VVU walipoanza dawa. Watu wanaojua kupima nyama ya mwili wa mtu mzima wamo humu humu. Naomba wapewe wazee wetu wa sepsisi wawapime, ili anayeandika mwongozo mwakani aandike kwa paja la Msukuma na Mkerewe.

Najua majibu ninayoweza kupewa. Wauguzi ni wachache, na nimewaona kwa macho yangu, usiku mmoja wawili kwa wodi nzima. Ndiyo maana nimeomba vitu ambavyo ndugu wa mgonjwa anaweza kuvifanya akiagizwa: kusaga dagaa, kuvuta kiti, kuhesabu mara ambazo mzee amesimama. Kinachohitaji mtaalamu ni agizo lenyewe na dakika kumi za kufundisha. Karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe ukutani karibu na kitanda. Nimeandika rasimu yake pamoja na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, ina picha, na niko tayari kuileta kwa yeyote kati yenu aikosoe, aifute, aiandike upya.

Tarehe 13 Septemba ni Siku ya Sepsisi Duniani. Naomba kufikia siku hiyo wodi moja tu, katika hospitali moja mtakayoichagua, iwe imeanza kuwapima wazee wake misuli wanapoingia na wanapotoka. Mkinijulisha ni ipi nitakuja na tepe kumi, na unga wa dagaa wa kuanzia, uliopepetwa na mama mwenyewe.

Yeye sasa anasaga akiwa amekaa. Anainuka kwenye kigoda mara nne bila kushika ukuta. Tulianza na sifuri. Ngazi za kutoka kwake hadi barabarani zina mawe 43. Jumapili iliyopita alishuka 11, akakaa kwenye la kumi na moja akaangalia ziwa na mitumbwi inayoingia mwaloni, kisha akapanda tena akinishika bega.

Wenu katika kazi ya umma,

Binti wa mchuuzi wa dagaa,
Igogo, Mwanza